Talaka ya Houston Iliyokutwa Richmond: Uchambuzi wa Kisa cha Kutafuta Hati ya Mahakama Texas

Mama mmoja mwenye asili ya Burundi, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma na kuhamishiwa Marekani pamoja na maelfu ya wenzake wa lile kundi la wakimbizi wa 1972, yaani waliokimbia Burundi mwaka huo, alifunga ndoa ya pili huko Kasulu, akarudi Louisville, Kentucky, anakoishi, na kuwasilisha fomu ya I-130 ili mumewe aruhusiwe kumfuata. Baada ya muda, idara ya uhamiaji, ambayo watu wetu wanaiita kwa kifupi chake cha USCIS, ilimwandikia ikitaka ushahidi kwamba ndoa yake ya kwanza ilivunjwa kisheria kabla ya hii ya pili kufungwa. Barua ya namna hiyo haina mzaha. Kanuni imeweka kikomo cha wiki 12 za kujibu, na ofisa hana ruhusa ya kuongeza muda hata kwa mtu mwenye sababu nzuri. Asiyejibu anaweza kukataliwa ombi lake na kuanza upya, kwa ada mpya na foleni mpya.

Ninafanya kazi ya ukalimani na ninawasaidia watu wetu kushughulikia makaratasi yao. Nimepata ruhusa ya mama huyu kueleza yaliyotokea, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa. Ninaandika kwa sababu kisa chake kina karibu kila kikwazo ambacho nimekiona kwa wengine kimojakimoja, na kwa sababu watu wengi bado wanaamini kwamba hati ya talaka hutafutwa mahali mtu anapoishi, au mahali alipofungia ndoa. Hati ya talaka ni karatasi ya mahakama. Inakaa katika masjala ya mahakama iliyotoa hukumu, kwa jina lililoandikwa na mahakama hiyo, hata kama wahusika wote wawili wamehama jimbo.

Jambo la kwanza nililomwomba ni kunitumia picha za karatasi zote alizo nazo. “Talaka ninayo, kaka,” aliniambia kwenye simu, “nimeitunza tangu mwaka ule, ila wao wanasema haitoshi.” Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa kisemacho Original Petition for Divorce, na kwenye kona ya juu palikuwa na mhuri wa neno FILED pamoja na tarehe ya mwaka 2010. Karatasi ya juu yake ilikuwa wito wa mahakama, wenye lakiri ya mahakama na saini ya karani, ukimweleza kwamba anatakiwa kuwasilisha majibu kabla ya saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya kupita siku 20 tangu apokee. Nilitafuta saini ya hakimu katika kurasa zote na sikuiona, kwa sababu haikuwapo. Alichokuwa amekitunza kwa zaidi ya miaka kumi ni ombi la talaka la mume wake, yaani karatasi inayoeleza kwamba mtu ameiomba mahakama ivunje ndoa. Mahakama ilijibu nini, karatasi ile haisemi.

Sioni haki ya kumlaumu kwa hilo. Mtu aliyelelewa mahali ambapo karatasi yenye mhuri ndiyo karatasi halali, kisha akakabidhiwa mlangoni bahasha ya mahakama na mtu mwenye kitambulisho, huku mumewe akimwambia kwa mdomo wake kwamba mambo yamekwisha, alikuwa na kila sababu ya kuamini. Tofauti kati ya mhuri wa kupokea shauri na saini ya hakimu inaonekana kwa anayeijua tu, na wala hakuwapo mtu yeyote wa kumfasiria.

Kabla ya kunipigia simu alikuwa amekwisha kuulizia katika ofisi ya kaunti ya Jefferson, ambamo Louisville imo, akajibiwa kwamba jina lake halimo. Jibu hilo lilikuwa sahihi, kwa kuwa mahakama za Kentucky hazikuhusika na ndoa yake kwa namna yoyote. Halafu ofisi moja ya kusaidia wahamiaji ikamwelekeza aandike kwa County Clerk wa kaunti ya Harris, iliyo na sehemu kubwa ya jiji la Houston, huko Texas alikokuwa kabla ya kuhamia Kentucky. Huko nako akajibiwa kwamba hakuna kitu. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu kidogo.

Katika jimbo la Texas kila kaunti kubwa ina makarani wawili wanaochaguliwa kwa kura, na majina ya ofisi zao yanakaribiana kiasi cha kumchanganya hata mzaliwa wa hapo. County Clerk hutoa leseni za ndoa, husajili hati za ardhi na nyumba, na hushughulikia mirathi. District Clerk ndiye mwenye masjala ya mahakama zile zinazosikiliza mashauri ya talaka, pamoja na malezi na matunzo ya watoto. Mtu aliyefungia ndoa yake Houston na kupewa talaka huko huko atapata cheti cha ndoa kwa wa kwanza na hukumu ya talaka kwa wa pili, na ofisi hizo mbili hazina rejista moja. Ukimwandikia asiyehusika, atakujibu kwa ukweli kabisa kwamba hana kumbukumbu, wala halazimiki kukueleza kwamba jirani yake huenda anayo. Nimewahi kumwona mtu akichukua jibu la namna hiyo kuwa uthibitisho kwamba talaka yake haikusajiliwa, akarudi kufungua shauri jipya ambalo hakulihitaji.

Ile bahasha, ingawa haikuwa talaka, ilikuwa na kitu cha thamani kubwa, nacho ni namba ya shauri. Kwa Harris namba hizo huanza na mwaka, na ukiwa nayo huhitaji kuhangaika na tahajia ya majina. Tuliiingiza katika mfumo wa mtandaoni wa District Clerk wa Harris, na jalada likafunguka mara moja. Ombi lilikuwamo, wito ulikuwamo, na mwishoni palikuwa na amri fupi ya mwaka 2011 kwamba shauri limefutwa kwa sababu aliyelifungua hakulifuatilia. Kwa lugha ya kwetu tungesema shauri limetupwa kwa kutoendeshwa. Hakuna hukumu iliyotolewa, na kwa mujibu wa jalada hilo watu hao wawili walikuwa bado ni mume na mke.

Nilimweleza polepole, kwa sababu nilijua maana yake ingemfikia sentensi ile ile. Kama hakuna shauri jingine lililofuata, ndoa ya Kasulu ilifungwa wakati ndoa ya kwanza ingali hai. Si Marekani wala Tanzania ingeitambua, na tangazo alilotoa kwa msajili siku 21 kabla ya harusi, kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka, lingekuwa na maelezo yasiyo ya kweli ingawa yeye aliyatoa kwa nia safi. Kwa wakati huo jambo la hekima lilikuwa kutojibu chochote kwa idara ya uhamiaji mpaka ukweli ujulikane. Watu hukimbilia kuandika kiapo kwamba “niliachika mwaka fulani,” na kiapo hicho huja kuwasuta baadaye.

Nikamwuliza kama baada ya 2010 aliwahi kutia saini karatasi yoyote aliyoletewa na mume wake wa zamani. Akakumbuka. Kabla hajahamia Kentucky, mwanamume huyo alimpeleka benki, wakakaa mbele ya mama mmoja mwenye mhuri, akasaini karatasi ambayo aliambiwa ni ya watoto. Nilipomwomba anieleze ilivyokuwa, alikumbuka kwamba ilikuwa na nafasi ya anwani yake na kwamba yule mama alimtaka aape kabla ya kusaini. Hiyo inafanana sana na hati ambayo kwa sheria ya familia ya Texas mhusika hukiri kwamba amepokea nakala ya ombi na kusamehe kupelekewa wito rasmi. Hati ya namna hiyo husainiwa mbele ya mthibitishaji (notary), yaani mtu mwenye mamlaka ya kushuhudia viapo na saini, baada ya shauri kufunguliwa. Kwa maneno mengine, kulikuwa na dalili nzuri kwamba mume alifungua shauri la pili. Swali lilibaki ni wapi.

Texas ina kaunti 254. Hata hivyo sheria yenyewe inapunguza uwanja wa kutafuta, kwa kuwa mmoja wa wanandoa lazima awe ameishi Texas kwa miezi sita na katika kaunti husika kwa siku 90 kabla ya kufungua ombi. Kwa hiyo swali la kumwuliza mtu asiyejua shauri lake liko wapi ni hili: aliyefungua alikuwa akiishi mtaa gani wakati huo? Mama huyu alijibu kwamba mwanamume alikuwa “Houston tu, upande wa kusini-magharibi,” ambako watu wetu wengi walipangishiwa vyumba walipofika. Lakini jiji la Houston halimo ndani ya kaunti moja. Sehemu kubwa imo Harris, na vipande vyake vimeingia Fort Bend na Montgomery; tena upande huo wa kusini-magharibi mtu anaweza kuvuka barabara moja, akawa bado na anwani ya posta inayosema Houston, huku amekwisha kuingia kaunti ya Fort Bend.

Badala ya kubahatisha, tuliandika kwa ofisi ya takwimu za vizazi na vifo ya jimbo, iliyoko Austin. Ofisi hiyo ina faharasa ya talaka zote zilizoripotiwa Texas tangu 1968, na kwa dola 20 hutafuta na kutoa barua inayosema kama talaka ya watu fulani imeandikwa, kwa tarehe gani na katika kaunti gani. Barua yenyewe haichukui nafasi ya hukumu, na walio wengi waliowahi kuipeleka uhamiaji wamerudishiwa. Thamani yake ni kama ya dira: haikufikishi safari, ila inakuonyesha upande wa kwenda. Inafaa kujua pia kwamba faharasa hiyo hutegemea fomu ambayo mwenye shauri hujaza mwishoni na ambayo karani wa mahakama huituma Austin. Ikiwa fomu haikujazwa, au imejazwa kwa majina yaliyopinda, Austin watasema hawana, na hukumu itakuwapo mahakamani vilevile.

Suala la majina nalo lilitusumbua kuliko lilivyopaswa. Wakimbizi wengi waliotoka kambi za Kigoma na Ngara waliandikishwa kwa haraka, na jina la baba likawa la kwanza, jina la ubatizo likawa la mwisho, au herufi za Kirundi zikaandikwa kadiri sikio la mwandishi lilivyosikia. Wasiojua tarehe zao za kuzaliwa waliandikiwa Januari mosi, ndiyo maana ukitafuta kwa tarehe ya kuzaliwa ndani ya jamii yetu unapata kundi zima la watu waliozaliwa siku moja. Mama huyu ana jina moja katika kadi yake ya ukaazi wa kudumu, na lile lile likiwa limegeuzwa mbele nyuma katika leseni yake ya udereva. Tulipeleka maombi kwa mpangilio wote, na tukaandika jina la mume kwa makini zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyefungua shauri na jina la mfunguaji huandikwa na mwenyewe. Ushauri wangu kwa yeyote anayetafuta ni kuanza na jina la aliyeomba talaka. La aliyeombewa mara nyingi limeandikwa na mtu mwenye hasira au mwenye haraka.

Barua ilirudi ikiwa na jibu: talaka ya 2013, kaunti ya Fort Bend. Makao makuu ya kaunti hiyo ni mji mdogo wa Richmond, na masjala ya District Clerk ipo huko. Tuliwatumia ombi la kutafuta jalada kwa majina yote mawili, nao wakalipata. Jina la mama lilikuwa limekosewa herufi mbili, kosa ambalo lingetosha kulificha jalada kwa mtu anayetafuta kwa tahajia moja tu. Ile hati aliyosaini benki ilikuwamo, na nyuma yake hukumu yenye kichwa Final Decree of Divorce, ikiwa na saini ya hakimu na tarehe.

Tarehe ya saini ya hakimu ndiyo tarehe ya talaka, na ndiyo inayopimwa na uhamiaji dhidi ya tarehe ya ndoa mpya. Texas ina sharti jingine ambalo wachache wanalijua, kwamba aliyeachika hatakiwi kuoa au kuolewa na mtu mwingine kabla ya kupita siku 30 tangu siku hiyo, isipokuwa hakimu ameondoa sharti hilo. Kwa mama huyu miaka ilikuwa imepita, hivyo hapakuwa na la kuogopa. Nilimpigia simu usiku ule ule, kwa sababu sikuona ni haki aendelee kulala na wasiwasi hata kwa usiku mmoja zaidi.

Katika kuagiza nakala, pana aina mbili, na bei yake ni tofauti. Nakala ya kawaida ni picha ya kurasa tu. Nakala iliyothibitishwa hutolewa na karani mwenyewe, ikiwa na lakiri ya mahakama na maneno yake kwamba kurasa hizi ni nakala kamili ya hati iliyomo katika masjala yake. Hutozwa kwa kila ukurasa pamoja na ada ya uthibitisho. Hukumu za talaka Texas ni karatasi za umma isipokuwa zimefungwa kwa amri, kwa hiyo hata asiye mhusika anaweza kuziomba, wala hakukuwa na haja ya kumwomba mume wa zamani ruhusa. Nilimshauri aagize nakala zilizothibitishwa mbili, kurasa zote, bila kuacha viambatisho.

Hapa niseme jambo linalotokana na mazoea ya nyumbani. Dar es Salaam au Nairobi, mtu akitakiwa kupeleka nakala halali huenda kwa wakili, akagongewa mhuri wa nakala halisi, na ofisi zinakubali. Mazoea hayo hayafai Texas kwa hati ya mahakama. Mthibitishaji wa Texas haruhusiwi kuthibitisha nakala ya kumbukumbu ya umma. Mwenye mamlaka hayo ni karani anayeitunza peke yake. Mama huyu alikuwa amekwisha kupeleka lile ombi la 2010 kwa mthibitishaji wa mtaani, akagongewa mhuri na kulipia, na mhuri ule haukuongeza kitu. Vilevile zipo tovuti za biashara zinazotangaza kuuza “rekodi za talaka” za nchi nzima kwa malipo ya kila mwezi. Zinachouza ni muhtasari uliokusanywa kutoka faharasa za umma, na hakuna ubalozi wala idara itakayoupokea.

Ndugu zetu waliopo majimbo mengine wasichukue majina ya ofisi za Texas na kuyatumia kwao. Kentucky hati hii ipo kwa karani wa Circuit Court wa kaunti, Ohio kwa karani wa Court of Common Pleas, California katika Superior Court, Pennsylvania kwa ofisi yenye jina la kale la Prothonotary. New York ndiyo tofauti zaidi, kwa sababu huko majalada ya talaka yako kwa County Clerk, yule yule ambaye Texas hahusiki, na yamefungwa kwa miaka 100, hivyo mhusika au wakili wake lazima aonyeshe kitambulisho. Na talaka iliyotolewa na imamu au na wazee wa ukoo, hata kama imeandikwa na kushuhudiwa vizuri, haimo katika masjala yoyote ya kaunti, kwa kuwa haikupitia kwa hakimu.

Jibu kwa uhamiaji lilipelekwa kabla ya siku ya mwisho, likiwa na nakala ya hukumu, barua ya Austin, na maelezo mafupi kwamba majina mawili katika hati hizo ni ya mtu mmoja, yakiambatana na kadi zinazoonyesha hivyo. Lile shauri la Harris lililotupwa tulilitaja pia, kwa sababu ofisa yeyote angeweza kuliona mwenyewe na kujiuliza. Kwa hatua hiyo picha safi ya hukumu ilitosha. Nakala zenye lakiri zilihitajika baadaye, jalada lilipohamia kwenye maandalizi ya viza, ambako mwombaji hutakiwa kwenda kwenye usaili na hati halisi au iliyothibitishwa. Moja alitumiwa mume Kasulu, nyingine ilibaki Louisville.

Kabla ya kuzifunga bahasha hizo tulikaa kwenye simu tukaisoma hukumu yote kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa hakuwahi kusomewa. Katika sehemu ya watoto, hakimu alikuwa amemwamuru baba kulipa matunzo kila mwezi kupitia ofisi ya malipo ya jimbo iliyoko San Antonio, kuanzia 2013. Mama huyu hakuwahi kupokea hata senti moja, wala hakujua kwamba amri hiyo ipo. Mtoto wake mdogo alikuwa bado anasoma sekondari, na Texas matunzo huendelea mpaka mtoto atimize miaka 18 au amalize sekondari, lolote litakalochelewa. Aliniomba nimwandikie namba ya shauri kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya peke yake, na wiki iliyofuata akapiga simu katika kitengo cha matunzo ya watoto cha ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas, akaomba mkalimani wa Kiswahili, na kufungua madai yake.